Viti vya Kanisa

Miaka ile ya tisini, kwaya yetu ya Kianda, Kibera, ilienda Kawangware kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuimba katika kanisa letu kuu. Tulipanda nyuma ya pikapu ya shemasi. Sheria ilikataza kubeba watu nyuma, na sote tulijua. Tukikaribia kizuizi cha polisi, mwalimu wa kwaya aligonga bodi mara mbili, wimbo ukakatika, tukachuchumaa na kujifunika turubai.

"Umebeba nini?"

"Viti vya kanisa, afande," shemasi alijibu, macho makavu.

Siku moja polisi alilipapasa turubai, akaingiza mkono, ukatua juu ya kichwa changu. Nikabana pumzi. Akautoa mkono, akasema, "Haya, pelekeni viti."

Kanisani shemasi akasimama kutoa ushuhuda: Mungu amemfumba polisi macho! Vigelegele. Na mimi, kiongozi wa wimbo, nikatakiwa papo hapo kuimba juu ya kutembea nuruni. Ai! Nilikasirika na kuona aibu kwa pamoja.

Baada ya ibada nikamwambia mwalimu sipandi tena.

"Dada, kosa dogo hivyo? Tuko kwa kazi ya Mungu."

"Mungu ndiye ametutuma tudanganye?"

"Basi asiyepanda haongozi wimbo."

Iliniuma, haki. Wiki nzima nilifulia watu nguo mtaa wa Nyayo Highrise, na hakuna aliyejua hata nina sauti. Wimbo ule ndio uliokuwa wangu. Nikamwambia ampe mwingine.

Mwezi uliofuata niliondoka alfajiri kwa miguu, nimevaa joho la kwaya, viatu vyeupe mkononi. Pale kwa polisi nilipita nikiimba kwa sauti yote. Yule yule akacheka.

"Leo viti vinatembea?"

Nikasimama. "Kumbe ulijua?"

"Tangu lini kiti kikapakwa mafuta ya nywele? Niliwahurumia tu, mama. Nendeni mniombee."

Nilifika nimejaa vumbi, wimbo wangu unaongozwa na mwingine. Wakati wa ushuhuda ulipofika, nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Nimetoka kwa yule polisi. Macho yake ni mazima. Anaomba tumwombee, na alijua tangu mwanzo kwamba viti ni sisi."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shemasi aliinama, akafungua Biblia yake, akaifunga. Wimbo sikurudishiwa mwaka huo wote, na mwaka huo wote nilitembea.