Sauti ya Nyumbani

Kazi yake ilikuwa kulaza watu usingizi, na ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, sauti yako nayo hulala. Wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Nusukaputi, kwa mapenzi. Aliinama kichwani pa mgonjwa, akanong'ona neno kama mtu anayefunga mlango taratibu ili mtoto asiamke, na hata aliyeingia akitetemeka alitulia kabla dawa haijafika. Tatizo ni kwamba sauti hiyo hiyo ndiyo aliyoingia nayo kwenye vikao vya kitivo. Akitoa hoja, wenzake walitikisa vichwa kwa adabu, wakaendelea na mengine. Baadaye mwanamume mmoja upande wa pili wa meza aliirudia kwa sauti nene, nayo ikawa yake.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Aliishi na mama yake, ambaye masikio yalikuwa yamemtupa mkono, na kumwambia tu kwamba chai iko mezani ilihitaji sauti ya kifua kizima. Majirani walijua mambo yote ya nyumba ile. "Mama amekataa tena dawa, sio?" jirani wa ng'ambo ya ukuta alimwuliza asubuhi, naye akacheka kwa aibu.

Mwaka ule chuo kilianzisha kozi ya uongozi kwa wahadhiri wanawake wa fani za afya: madaktari, wauguzi, wafamasia. Mwalimu wao, mkunga mstaafu aliyewahi kuongoza kitivo, aliwasimamisha mmoja mmoja mwisho wa ukumbi, kila mtu aseme analolitaka bila "samahani" wala "labda".

Zamu yake ilipofika alisema, "Samahani, labda ningependa kuwa mkuu wa idara."

Ukumbi uliangua kicheko, naye akacheka nao. Mwalimu hakucheka.

"Unamwomba nani msamaha, mdogo wangu?"

Swali lile alikwenda nalo nyumbani likiwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, haliingii wala halitoki.

Kwa maana kiti kilikuwa wazi kweli. Mkuu wa idara ya usingizi alikuwa anastaafu, na waombaji walikuwa yeye na kijana mmoja ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Usaili ungefanyika Alhamisi. Katika jopo angekaa profesa wa upasuaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Radi, akishatoka chumbani. Radi alimfundisha tangu akiwa mwanafunzi, na mpaka leo alimwita "binti yangu" mbele ya kila mtu. Neno hilo lilikuwa blanketi: lilimkinga na baridi, na lilimfunika mpaka kichwa.

Jumanne ya wiki hiyo walikuwa pamoja chumba cha upasuaji. Mezani alilala mwalimu wa shule ya msingi, mwenye uvimbe uliokua tumboni kimyakimya. "Daktari, nitaamka?" alikuwa ameuliza. "Utaamka," alimjibu, na kumlaza.

Kazi ilianza vizuri. Radi alikata huku akifundisha, wanafunzi wamemzunguka. Kisha mapigo ya moyo ya mgonjwa yakaanza kupanda, kwa mbali, kama hatua za mtu anayekuja ngazini. Presha ikashuka. Akafungua dripu ya maji iende kasi, akaagiza damu iletwe.

"Presha inashuka kidogo, Profesa," alisema, kwa sauti ile ya kufunga mlango.

"Basi punguza madawa yako, binti yangu. Umemlaza huyu kama unamzika."

Wanafunzi wakacheka, kama ilivyowapasa. Akapunguza dawa. Haikusaidia. Mrija wa kufyonza ulianza kukoroma, na chupa yake ikajaa wekundu.

"Profesa, labda tungetazama…"

"Nimeshaukaribia mzizi. Subiri kidogo."

Alimtazama mgonjwa. Midomo ilikuwa imepauka. Mambo mawili yakamjia kwa pamoja: kwamba damu inatoka nyuma ya uvimbe, pale ambapo jicho la Radi halifiki, na kwamba keshokutwa ni Alhamisi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Profesa akiaibishwa mbele ya wanafunzi wake hasahau. Hatua zile za ngazini sasa zilikuwa mbio.

"Profesa, simama!"

Ilitoka sauti ya nyumbani, ile ya chai na dawa. Ilipita mlango ikaenda mpaka koridoni. Mkasi wa mtu ulianguka sakafuni.

Radi aliinua macho juu ya barakoa. "Unasemaje?"

"Damu inatoka nyuma ya uvimbe, nami inanishinda mbio. Gandamiza, na usiondoe mkono mpaka nikuambie."

Muuguzi wa vifaa, aliyemzoea Radi kama mtu anavyomzoea mume mkali, alikuwa tayari anamwekea shashi ya kuzuia damu kiganjani bila kuombwa. Radi aliitazama shashi. Kisha mkono ukashuka, ukagandamiza.

Damu ililetwa, akaiingiza mfuko baada ya mfuko. Radi alisimama mikono yake ikiwa ndani ya tumbo la mtu, jasho likimtiririka, kama mtu aliyeambiwa ashikilie mlango na aliyemwambia hajarudi. Mwishowe presha ikapanda, kwa kusitasita.

"Sasa endelea, Profesa."

"Ninaruhusiwa?"

Barakoa ilificha kama ni dhihaka au la.

Baadaye, kwenye sinki, Radi alinawa kwa muda mrefu. "Ungeweza kuniambia kwa upole."

"Nilikuambia kwa upole. Hukusikia."

Radi akachukua taulo, akaondoka. Yeye alibaki ameshika ukingo wa sinki. Hakujiona shujaa. Alifikiria kipindi kile kati ya neno lake la kwanza na ukelele: damu ilivyokuwa ikimwagika huku yeye akichagua maneno. Hicho ndicho kilichomwumiza. Jioni mgonjwa aliamka, akaomba maji.

"Mbona leo unanong'ona?" mama yake alimwuliza nyumbani.

"Sauti imekwisha, mama."

"Eh?"

Alhamisi Radi alikaa mwisho wa meza, na aliuliza mwisho.

"Ukiwa mkuu wa idara, nami nina kisu mkononi, utanipigia kelele tena?"

Wanajopo walitabasamu, wakidhani ni utani. "Samahani" ikampanda kooni yenyewe, kama ilivyozoea. Akaimeza.

"Nitakusimamisha mapema zaidi, Profesa. Juzi nilichelewa. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyomhofia mgonjwa. Na kila atakayekuwa chini yangu nitamfundisha kusimamisha kisu, hata akiwa mwanafunzi, hata kisu kikiwa chako."

Tabasamu zilikufa moja moja. Radi aligeuzageuza kalamu yake.

"Sina swali jingine, Daktari."

Alikuwa amefika koridoni ndipo alipogundua kwamba hakuitwa binti yangu. Blanketi lilikuwa limevutwa, na baridi aliisikia kweli.

Jioni ile simu ilikuja. Walimpa ukaimu wa mwaka mmoja, si ukuu wenyewe, kama watu wanaojaribu kiatu dukani. Inasemekana Radi ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kumchagua. Inasemekana pia ndiye aliyesema uwe ukaimu. Yote mawili yanafanana naye.

Alikaa na simu mkononi, kisha akavuta pumzi.

"Mama! Wamenipa idara! Kwa mwaka mmoja!"

Kabla mama hajageuza kichwa, jirani alikuwa ameshaitikia kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Hongera! Haya, sasa mpe dawa yake!"