Niliipaka Barabara Majivu Ili Isifeli

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Anayeandika ni mjukuu wangu wa kike. Mimi kalamu nikiishika ni ya kuchokonolea sikio. Jina langu liacheni. Hapa kwetu Garsen wakisomewa mistari miwili tu watanijua, wacheke mpaka wakae chini!

Nauza chai na mahamri pale lami inapopita sokoni. Mvua ya Elnino ilipokwisha, lami yetu ilibaki jina. Mashimo! Mbuzi akiingia unaona pembe tu.

Ikasikika wapimaji wa barabara wanakuja. Mwenye duka jirani yangu, yule wa kuongea kwa pua, akatutangazia: "Watatembea kwa miguu, wahesabu mashimo na nyufa, kila kipande wakipe alama. Moja mpaka tano. Tano ndiyo lami nzima."

Kusikia alama, moyo ukaruka. Mimi darasa sijaliona, mtihani sijafanya maisha yangu yote. Nikaapa, barabara ya mbele yangu haifeli! Mgeni akija si unafagia?

Alikuwepo Mumina, mfugaji wa Kiorma anayeniletea maziwa ya chai, rafiki yangu wa miaka. Maziwa mengine huyapakia kwenye gari la Malindi, hapo hapo kwangu. Akaniambia: "Dada, wacha shimo. Hawa watu nakuja kuangalia ubaya. Wewe naficha ubaya, wao natengeneza nini?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamwiga mbele ya wanawake wote, shingo nimeipinda kama yake: "Wacha shimo, wacha shimo! Shimo iko mtoto yangu!"

Wakacheka. Mumina akajifunga shuka yake, akaondoka.

Asubuhi nikawakusanya wenzangu. Kukandika nani atanifundisha? Tukaleta udongo wa mtoni na kinyesi cha ng'ombe, tukashindilia mashimo, juu tukatandaza vipande vya lami ya zamani. Nikamalizia kwa majivu na vumbi la makaa. Nyeusi tii! Nikasimama nimeshika kiuno kama injinia.

Wakafika wawili. Mmoja anasukuma gurudumu la kupimia urefu, mwenzake ana karatasi na rula. Upande wa msikitini waliinamia kila shimo, wakapima upana, wakachomeka rula wajue kina chake. Kwangu wakapita kama maharusi.

Yule wa karatasi, kijana wa Nairobi, akaniuliza kama anayemuuliza bibi yake: "Shosho, hapa magari hupita vizuri?"

"Yanateleza kama mafuta, mwanangu!"

"Haya. Hapa nne."

Nne! Nikapiga vigelegele, nikawapa na mahamri. Msikitini walipata moja. Nikawaonea huruma wale, ati nikawaambia, "Si mngefagia!"

Malori ya lami yakaja. Yakaanza msikitini, yakatengeneza vizuri. Yalipofika kwangu yakaturuka, yakaendelea mbele! Nikayakimbilia, kanga mkononi. Msimamizi akafunua karatasi: "Mama, hapa pana nne. Sisi tunatengeneza penye moja."

"Lakini ni majivu, mwanangu!"

"Karatasi haisemi majivu."

Mvua ya kwanza tu, udongo wangu ukarudi mtoni kwao. Gari la Malindi likakataa kufika kwetu, likawa linasimama msikitini kwenye lami mpya. Ikabidi Mumina abebe madumu yake mpaka kule. Siku moja mguu wake ukaingia shimoni, mbele ya jiko langu. Dumu likapasuka. Shimo zima likawa jeupe.

Nilimwinua, mkono umeshaanza kuvimba. Hakunitukana. Jamani, angenitukana ningepona! Aliangalia maziwa, akaniangalia mimi, akauliza: "Hii ndiyo nne?"

Tangu siku ile maziwa yake anauza msikitini, nami nauza chai ya rangi, nyeusi kama lami yangu ya majivu. Na mimi bingwa wa kuwaiga watu, sasa soko zima linaniiga! Dereva akizama shimoni anatoa kichwa dirishani: "Yanateleza kama mafuta, mwanangu!"

Juzi wapimaji wamerudi. Sikufagia hata ganda la ndizi. Nilimshika mpimaji mkono, nikamtelemsha shimoni mpaka magotini. Akaandika moja. Nikapiga vigelegele kwa kufeli, mwanamke mzima!

Mumina alikuwa anapita na madumu. Akasimama, akapinda shingo, akatoa sauti yangu mwenyewe, na mapengo ya meno yangu ndani yake: "Si mngefagia!"

Nilicheka mpaka nikalia. Yeye akaenda zake. Chai hakunywa. Lakini nimeisugua sufuria ya maziwa, iko karibu na jiko, inamngoja.

Basi nyinyi, wapimaji wakija kwenu, fagio lisukumeni chini ya kitanda. Waonyesheni barabara kama mnavyomwonyesha daktari jipu, bila haya. Na mkiwa na rafiki anayewaambia wacha shimo, nawaomba, wacheni shimo!