Karai la Mzazi na Maji Yaliyoniunguza

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa kupanda ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia, mke mmoja, na mtoto wa kwanza, Marta, mwenye wiki moja duniani. Tulikaa Mbulu, juu kidogo ya Dongobesh, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Mvua ilikuwa imeshanyesha vizuri. Majirani wote walikuwa shambani, mimi nimesimama uani nimeegemea ukuta, kwa sababu kukaa nilikuwa siwezi.

Nikuambie wazi, maana wewe si mtoto mdogo. Nilikuwa na bawasiri. Vinyama vilikuwa vimevimba kwenye njia ya haja kubwa, vinauma kama vimetiwa pilipili, na kila nikitoka chooni naona damu. Vilianza polepole. Nilikuwa mtu wa kula ugali na nyama, mboga za majani nikiona ni za watoto. Maji nilikunywa pale nilipokumbuka. Choo kikawa kigumu kama kokoto, nami nikawa najikamua kwa nguvu kama nasukuma gari lililokwama kwenye matope. Miezi mitatu nilinyamaza. Mke wangu Theresia akiniuliza mbona silali chali, namwambia ni mgongo. Kanisani nilisimama nyuma ibada nzima, watu wakadhani nimekuwa mnyenyekevu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, kwa hiyo nikaona methali hiyo hainihusu.

Sasa, Theresia alipojifungua alichanika kidogo, akashonwa. Mama yake akaja kumuuguza. Mama huyo, Mungu amweke pema, alikuwa amefanya kazi ya uhudumu wodini miaka mingi, akafunga mizigo yake akarudi kulima vitunguu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na kwa desturi yetu mimi na yeye tuliheshimiana kwa mbali. Namwamkia shikamoo huku nikitazama chini, ananijibu marahaba huku akitazama kwingine. Basi.

Alikuja na karai jipya kichwani. Muuguzi aliyemshona Theresia alikuwa amemwelekeza akae kwenye maji ya uvuguvugu kila siku ili kidonda kipate nafuu, na karai lile lilikuwa kwa kazi hiyo tu. Halikuoshewa maharage, halikufuliwa nepi. Asubuhi na jioni nilikuwa nasikia kupitia ukuta wa udongo, "Taratibu, mwanangu. Haya, kaa." Kisha namsikia mke wangu anashusha pumzi ndefu, "Aah, Mama. Hapo napata nafuu."

Mwanangu, nilimwonea wivu mke wangu aliyeshonwa! Fikiri mtu amefika wapi.

Wakati huo jirani yangu Boay alikuwa ameshamaliza kupanda shamba lake la bondeni. Akipita na ng'ombe wake ananiita kwa jina, "Safari, mvua haimngojei mtu! Unangoja nini?" Namjibu nangoja mbegu. Mbegu zilikuwa ndani, zimejaa debe.

Siku hiyo ninayokuambia, Theresia na mama yake walimpeleka mtoto zahanati. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikabandika sufuria kubwa, maji yakachemka mpaka yanaruka. Nikalichukua karai la mzazi, nikajifungia ghalani kati ya magunia ya mahindi. Nilikuwa pia na kichupa cha dawa nilichouziwa mnadani na mtu mwenye maneno mengi, dawa ya kuua wadudu wa vidonda, alisema. Nikamimina nusu chupa. Mvuke ukanipanda usoni, macho yakatoka machozi. Akili kidogo iliyobaki ikaniambia, Safari, ngoja yapoe. Lakini nikajiambia, dawa ya moto ni moto. Nikakaa.

Sitakueleza sauti niliyotoa. Boay aliisikia bondeni, akadhani ng'ombe wangu kachomwa mkuki.

Na wakati huohuo kina Theresia walikuwa wanaingia uani. Nikasikia miguu inakimbia, kisha ikasimama mlangoni. Aliyeita hakuwa Theresia. Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Baba Marta, umeungua?"

"Hapana, Mama. Nimeteleza."

Akasema, "Mtu aliyeteleza hatoi harufu ya dawa mpaka nje. Nisikilize. Mimi nakupa mgongo, sikuoni. Ndoo ya maji safi ya baridi hii hapa, naisukuma mlangoni, fungua kidogo uivute. Jimiminie pale palipoungua, polepole, usiache mpaka nikuambie. Usipake mafuta, usipake asali, usipake dawa ya meno. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nikajimiminia. Nilimiminia muda mrefu sana. Baridi ya Mbulu na maji ya baridi, meno yanagongana, nje mtoto analia, na mama mkwe amesimama pale mlangoni kama askari, amenipa mgongo. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Ni bawasiri?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Damu?"

"Ndiyo, Mama."

Nilitegemea atanicheka, au atamwita Theresia waje wanicheke wote. Hakucheka. Alisema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya mgonjwa aijuaye mhudumu. Mimi nimeosha machifu na nimeosha wachunga mbuzi. Huko chini wote wamefanana. Kwa ugonjwa wako sikulaumu." Halafu sauti ikabadilika. "Lakini karai hilo umelitoa wapi?"

Nikalisukuma karai nyuma ya gunia.

"Umelitoa chini ya kitanda cha mtoto wangu. Ana nyuzi mbichi. Umelikalia na damu yako na kidonda chako, na ungelirudisha kimyakimya, yeye akalikalie jioni. Kama yule shetani aliyekuunguza asingekupigisha kelele, mke wako angepata uchafu kwenye kidonda, apate homa, na mtoto wa wiki moja akose maziwa. Hivyo ndivyo aibu yako ingetugharimu. Ficha mwili wako, Baba Marta, ni haki yako. Usifiche ugonjwa ukawaangukia wengine."

Mwanangu, moto wa yale maji uliisha kwa siku chache. Maneno yale ninayo mpaka leo. Nilikaa ghalani nikalia, mwanaume mzima, na sikulia kwa sababu ya kuungua.

Kesho yake tulikwenda hospitali ya Haydom kwa basi, mimi na yeye, Theresia akabaki na mtoto. Viti vilikuwepo. Kondakta akaniambia, "Kaa, kaka, nafasi ipo," nikamwambia nimechoka kukaa. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, nikaona mabega yake yanatikisika. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake pekee katika jambo lile lote.

Daktari alinipima. Akasema ni bawasiri kweli, ila akanikemea, kwamba damu ya haja kubwa si ya kujipimia nyumbani, maana inaweza kuwa ni bawasiri na inaweza kuwa jambo jingine kubwa. "Umekuja kwa sababu ya kuungua," akasema, "ulitakiwa uje kwa sababu ya damu." Alinipa dawa ya kulainisha choo na ya kutibu ngozi, akaniambia nisubiri ngozi ifunge ndipo nianze maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu, akarudia, akinitazama juu ya miwani.

Tuliporudi, Boay alikuwa ananingoja kwangu. Nikaona nimechoka kudanganya. Nikamwambia yote. Akanitazama, akatazama kama kuna mtu karibu, akasema, "Hata mimi, mwaka juzi. Nilidhani niko peke yangu wilaya nzima." Tukacheka mpaka Theresia akatoka kuangalia. Kesho yake Boay alifunga ng'ombe wake na wangu, akanilimia shamba, mimi natembea nyuma naangusha mbegu kwa mkono. Tulichelewa, lakini mahindi yalitoka.

Mama mkwe naye alishuka tena Dongobesh, akanunua karai jingine kwa ajili ya Theresia. Lile la kwanza akaniachia, nililing'arisha kwa sabuni na majivu. Ngozi ilipofunga, alinifundisha. Alifundishaje? Alikaa jikoni akimenya viazi, akamwambia Theresia kwa sauti kubwa, nami niko chumbani, nasikia kila neno.

"Mwambie mwenzako atandike gunia chini, karai lisiteleze, na liwe karibu na kitanda apate pa kushika. Maji ayapime kwa kiwiko, si kwa vidole. Vidole vya mkulima havisikii kitu. Yakiwa kama ya kumwogeshea Marta, yanatosha. Asitie sabuni, asitie dawa, maji matupu ndiyo dawa. Yafunike makalio tu, asije akaogelea. Ajifunike blanketi mabegani, huku kwetu ni baridi. Akae mpaka nimalize viazi hivi."

Viazi vile vilichukua kama robo saa. Nilivizoea. Asubuhi baada ya choo, mchana nikiweza, na jioni kabla ya kulala. Maji yakipoa, nilikuwa na maji moto kwenye chupa ya chai; najiinua kwanza, namimina pembeni, nakoroga, napima tena, ndipo nakaa. Nikimaliza, najikausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa, bila kusugua. Kisha karai linaoshwa, linaanikwa juani.

Siku moja ng'ombe waliingia kwenye maharage, nikanyanyuka ghafla kutoka majini. Nikaona giza, nikaangukia kuni zilizopangwa pembeni. Mama mkwe akasema kutoka jikoni, "Mwambie mwenzako haraka haraka haina baraka." Damu ilikuwa imeshuka miguuni kwa kukaa kwenye maji ya uvuguvugu. Tangu siku hiyo nikitaka kuinuka nashika kitanda, nahesabu mpaka kumi, ndipo nasimama.

Baada ya wiki tatu nilikaa kanisani. Nilikaa ibada nzima, hata pale watu waliposimama kuimba nilichelewa kusimama, kwa utamu wa kukaa.

Mwanangu, nyinyi siku hizi mna simu, na humo ndani yumo yule mtu wa mnadani mwenye maneno mengi, ila sasa ana picha pia. Anakuambia tia hiki, pakaa kile. Mimi nakupa niliyoyapata kwa kuungua. Ukiona damu, au uvimbe, au maumivu huko, nenda kwanza ukapimwe. Ukishaambiwa ukalie maji, kalia ya uvuguvugu, ukipima kwa kiwiko, kwa chombo chako mwenyewe kisichotumiwa na mwingine. Kama umetoka kujifungua au kupasuliwa, muulize muuguzi lini uanze, kuuliza si ujinga. Kama magoti hayakubali kushuka chini, kama yangu sasa, mwambie fundi akutengenezee kiti imara cha mbao chenye tundu, beseni likae humo. Mimi ninacho, na wajukuu wanakiita kiti cha enzi. Kula mboga za majani na maharage, kunywa maji, usijikamue. Na ukipata homa, au ukaona usaha, au harufu mbaya, au damu haikatiki, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, acha karai uende hospitali siku hiyohiyo. Maji husaidia, lakini hayafanyi kazi ya daktari.

Zaidi ya hayo, mtafute mtu mmoja umwambie. Awe mke, mume, rafiki, hata mama mkwe. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanasimama nyuma ya kanisa pamoja na wewe.

Mungu akupe mwili wenye afya na mdomo usioogopa kusema unapoumwa. Akupe watu wa kukupa mgongo kwa heshima bila kukuacha. Kila utakapokaa, mezani, shambani kupumzika, au kando ya mgonjwa wako, ukae kwa raha, na ukiinuka, uinuke salama.