Shamba la Ugali Kwenye Sahani

Mimi ni Nangila, mpishi katika chuo kidogo cha kufunza washauri nasaha hapa Nakuru. Sikusoma. Nilizaa mtoto mmoja, Masinde, akafia Subukia, kwa wakwe zangu, nikiwa nimelazwa hospitalini mjini. Wakwe walimzika kabla sijatoka, wakasawazisha udongo, wakasema mwanamke wa kutangatanga mjini haonyeshwi kaburi. Nimewauliza miaka kumi na miwili. Siku hizi wakiniona wanafunga mlango.

Pale chuoni, Mwalimu Tabby huwapa wanafunzi chakula, ugali, maharagwe, dania, watengeneze kwenye sahani kilicho moyoni mwao, kisha wajitazame humo. Mimi hupika, halafu hukusanya sahani. Kutupa chakula kizuri hivyo kunanikera.

Jumatatu alikuja mwanafunzi mpya. Nilipoona kisogo tu nilimjua: Nerima, dada ya mume wangu. Yeye hakuniona. Vidole vyake vilikuwa vinakanda vyenyewe, macho yakiwa dirishani.

Nilisimama nyuma yake. Kwenye sahani kulikuwa na nyumba yetu ya Subukia, ghala, choo, na mistari ya majani ya dania mahali pa mashina ya kahawa. Chini ya jani la tatu kutoka ghala, vidole vililaza kipande cha ugali, kirefu kama kidole, vikakifunika.

"Hapo umefukia nini?" Mwalimu Tabby akauliza.

Nerima akashtuka kama aliyeamshwa. "Wapi, madam? Nimetengeneza boma tu."

"Wacha, tumekuona," jirani yake akacheka. "Unaficha nyama ama?"

Nerima akafunua. Kile kipande kilikuwa na kichwa, na mikono imekunjwa kifuani. Akajifuta vidole kwenye sketi, tena na tena.

"Nerima," nikasema. "Huyo ni Masinde?"

Akageuka, midomo imekauka. "Mama Masinde. Walinikataza kusema."

"Na hujasema. Simama twende."

Tulifika Subukia jua bado liko juu. Mama mkwe alitutazama kutoka mlangoni, akaingia ndani. Kahawa yote ilikuwa imeshachumwa, isipokuwa shina la tatu kutoka ghala. Hilo lilikuwa limezaa hadi matawi yanagusa chini, matunda mekundu tele.

"Hilo hakuna mtu hugusa," Nerima akanong'ona. "Hata ndege."

Nikatandaza leso yangu chini ya shina, nikalichuma lote.