Mayai Yaliyonuka Sambaza

Shule niliacha darasa la tatu, na leo nina mitumbwi mitatu ziwani na nyumba ya matofali hapa Gisenyi. Yote yametoka kwa sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu. Nilianza na ndoo moja kichwani. Donc nilipofika umri wa kupumzisha mgongo, nikaamua kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, sikuuliza mtu.

Nilijenga banda la mawe ya volkano, mabati mapya juu. Kuna watu mjini hapa hawalali pazuri hivyo. Kuku arobaini nikawatoa kwa mfugaji mmoja wa Nyundo. Alinipa karatasi ya maelezo, ikafuliwa mfukoni mwa suruali. Kwa mdomo aliniambia pumba, mahindi, na samaki kidogo. Nikacheka. Kidogo ni neno la mtu asiye na samaki. Mimi sambaza zinazovunjika kwenye kuanikwa ninazo kila siku, basi nikawapa beseni asubuhi, beseni jioni. Manyoya yakang'aa, wakaanza kutaga kama wanaofukuzwa.

Kosa langu nilikuwa nimeshalifanya kabla ya yai la kwanza. Nilivuka mpaka kwenda Goma kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, aliyenilea. Anauza chai na mayai ya kuchemsha na pilipili karibu na mpaka. Mayai alikuwa akiletewa na mama mmoja wa Bugeshi. Nikamwambia mbele ya wateja wake:

"Yaya, yule mama wa Bugeshi umuage. Mayai iko kwa mudogo yako."

"Unajua hii meza ndiyo inalisha nyumba yangu?"

"Najua. We uliniona lini nikishindwa?"

Akamuaga yule mama.

Wiki ya pili ya kumpelekea, akanipigia simu. "Mudogo yangu, mayai yako inanuka sambaza."

"Inanuka wapi? Mi ninayanusa kila siku."

Na ni kweli nilikuwa nikiyanusa. Nikachemsha manne, nikayala yote na chumvi. Nilisikia yai tu. Mke wangu alisimama mlangoni, pembe ya kitenge puani.

"Baba watoto, miaka yote hii na samaki, pua yako ilishakufa. Mi nilinyamaza juu we hauambiwi."

Nikakasirika. Nikasema ni wivu, watu hawapendi kuona mtu akiinuka. Kesho yake nikapeleka trei nyingine mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la dada yangu nione huo uongo kwa macho.

Akaja kijana wa chukudu, ameegemeza kigari chake cha mbao pembeni. Akamenya yai, akauma, akaacha kutafuna.

"Mama, hii kuku ilikuwa inalala ziwani?"

Benchi zima likacheka. Dada yangu naye alicheka, akamwongezea chai bila kumlipisha. Hakusema mayai ni ya nani. Hakunitazama hata kidogo. Sufuria ilikuwa bado imejaa na saa ya wateja ilikuwa imeshapita. Zamani, saa hiyo, alikuwa akiiosha.

Mtu akinitukana ninajua cha kufanya. Yeye alinificha, kama zamani nilipojikojolea nikiwa mtoto.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Bugeshi, baridi ile ya chini ya volkano ikinipiga magoti. Yule mama nikamkuta anachimba viazi. Hakuacha jembe.

"Ni we mwenye mayai ya samaki?"

"Ni mi."

"Mayai yangu nilishampatia mwingine. Ungekuja kabla ya kujisifu."

"Usinisaidie mi. Msaidie yaya yangu."

Alimaliza mstari mzima wa viazi nikiwa nimesimama, viatu vyangu vya ngozi vimezama kwenye udongo. Mimi, ambaye wavuvi wananisubiri ufukweni. Mwishowe akanipa trei moja. "Bon, nitamurudilia kidogo kidogo. Hii umupelekee we mwenyewe. Na usiseme iko yako."

Nikashuka na trei mapajani, nikimwomba dereva apunguze mwendo kila kona, anacheka. Dada yangu aliipokea, akainua yai moja mpaka puani, mbele yangu. Akalitia kwenye sufuria.

Sambaza nimeacha kuwapa kuku. Sasa ninanunua chakula cha mfuko, mimi mwenye mitumbwi mitatu. Wao wananiangalia kwa hasira, wanasubiri beseni. Kila asubuhi ninachukua yai la moto kutoka bandani, ninampelekea mke wangu jikoni, kwa sababu pua ya nyumba hii ni yake. Ananusa. Mimi ninasimama hapo kama mtu anayengoja muhuri ofisini.

"Bado," anasema, anarudi kwenye uji wake.