Kisanduku Kinachoonja Maji ya Chundwa

Saa tano asubuhi, Chundwa, kisiwa cha Pate. Maji yamekupwa hadi matope yameonekana nje ya mikoko. Nadra Barka amechuchumaa kando ya kisima cha msikiti, lakini hatazami bahari. Anatazama taa mbili, ya kijani na nyekundu, kwenye kisanduku cha plastiki ambacho zamani kilikuwa cha biskuti.

Ya kijani inawaka. Pampu inavuma.

"Yavuma vizuri," anasema Bwana Mohdhar, mwenyekiti wa kamati ya kisima, kofia yake ya kito, ile ya kushonwa kwa mkono, ikiwa imesogezwa nyuma. "Lakini siku ile ya chumvi pia ilivuma vizuri."

Nadra anaitikia kwa kichwa.

Leo ni bamvua, siku zile ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Kamati imempa bamvua hii moja tu ya kukijaribu kisanduku chake kinachoiongoza pampu. Kisima kikiingia chumvi tena, kisanduku kitang'olewa, pampu itauzwa, na kina mama watarudi kwenye kamba na ndoo. Hiki ndicho kisima pekee chenye maji matamu upande huu wa kijiji, na maji ya mvua yaliyobaki kwenye jabia hayafiki magotini.

Nadra ana miaka thelathini na minne. Anatengeneza simu, redio na ving'amuzi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, na mwezi ukiwa mzuri hupata kama shilingi elfu kumi na nne. Hakusomea umeme popote. Alianza kwa kufungua redio ya marehemu baba yake, akiandika kila waya kwenye daftari kabla ya kuugusa. Mpaka leo hagusi kitu kabla hajakiandika.

Ndani ya kisanduku kuna chipu nyeusi, ya mraba, yenye miguu arobaini na minne. Ni chipu ya mantiki ya aina inayopangwa na fundi mwenyewe: ikitoka kiwandani haijui kazi yoyote, hadi mtu aifundishe kwa kompyuta. Nadra huzing'oa kwenye bodi za mitambo iliyokufa, au huagiza Nairobi kwa shilingi mia tatu.

Siku ya kwanza aliyoileta kisimani, Bi Hindu aliicheka. Bi Hindu ana miaka sitini na mitano, alizaliwa Amu, yaani mji wa Lamu, akaolewa Chundwa, na nyumba yake imepakana na kisima. Kila asubuhi ndiye wa kwanza kuteka na kuonja.

"Mdudu gani huyu?" aliuliza. "Ana miguu mingi kuliko tandu. Na ndani mna nini?"

"Bi Hindu, unakumbuka zidaka, vile vishimo vya ukutani, nyumbani kwenu Amu?"

"Ntazisahauje? Ukuta mzima ulikuwa zidaka. Kila kimoja na chombo chake."

"Basi ndani ya huyu mdudu mna zidaka sitini na nne. Kila kimoja kinaweka jibu moja tu, ndiyo au hapana. Halafu kuna wikio, daraja la juu kama lile linalovuka ndia kutoka nyumba hadi nyumba, la kupitisha jibu kutoka kidaka hiki hadi kile. Fundi wa kiwandani amejenga kuta. Mimi naamua wikio lipi lifunguliwe na lipi lizibwe."

Bi Hindu alifikiri. "Na ukikosea?"

"Nafuta, napanga tena. Kuta hazibomolewi."

Alikosea kweli.

Kabla ya chipu hiyo, Nadra alikuwa amejaribu kompyuta ndogo ya bodi moja. Wingu likipita juu ya paneli za sola, umeme ulikatika kidogo, na kompyuta ilizubaa isijue ilikuwa ikifanya nini. "Hii haizubai," anasema Nadra. "Umeme ukirudi, hapo hapo iko kazini. Haina mambo mengi kichwani."

Alianza kwa kuipa maswali matatu. Je, kisima kina maji? Je, tangi lina nafasi? Je, ni saa ya kazi? Saa ya kazi aliipanga kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, jua linapokuwa kali na sola zinapotoa umeme wote.

Wiki ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Tangi la msikiti lilijaa, watu walitawadha bila foleni, na Bwana Mohdhar alimsifu mbele ya jamaa. Yalikuwa maji mafu, bahari inapotulia, na saa sita mchana maji yalikuwa juu.

Kisha bamvua ikaingia. Sasa saa sita mchana ikawa ndiyo saa ya maji kupwa. Huku visiwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi chini ya mchanga, na bahari ikishuka, nayo hushuka. Pampu ikaendelea kuvuta kwa saa tatu, kama ilivyoamriwa, mpaka ikaipandisha chumvi.

"Nilipika chai," anasimulia Bi Hindu, "nikadhani nimetia chumvi badala ya sukari. Nikajisuta, uzee huu! Kumbe ni Nadra."

Maneno yalikuwa mengi. Mtoto wa kisiwani anasahau bahari! Babako alikuwa akiingia pwani kila siku ya Mungu, wewe unatazama jua tu! Kisima kilichukua siku kumi na mbili kutulia.

"Sikulia," anasema Nadra. Anasita. "Nililia kidogo. Walisema kweli. Mtu yeyote hapa angenambia, lau ningeuliza."

Safari hii aliuliza. Alikaa na Bi Hindu asubuhi saba, akiandika saa, hali ya bahari, na alichosema ulimi wa Bi Hindu. Kisha akamwomba vijiko viwili vya chuma visivyoshika kutu. Alivikata mipini, akaining'iniza kisimani. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matamu, kwa hiyo mipini ile humwambia mdudu maji yamekuwaje.

"Vijiko vyangu vya pilau," anakumbusha Bi Hindu kila anapopata nafasi. "Vya harusi."

Chipu ni ile ile. Nadra aliifuta, akaipanga upya kwa kompyuta ya kuazima ya Mwalimu Gakii, anayefundisha fizikia katika sekondari. Sasa ina maswali manne. Je, kisima kina maji? Je, ni matamu? Je, tangi lina nafasi? Je, kisima kimepumzika vya kutosha tangu pampu izime? Kwenye daftari aliandika kila namna majibu manne yanavyoweza kukutana, safu kumi na sita, na mbele ya kila safu kile pampu inachopaswa kufanya.

"Safu kumi na tano ni hapana," anasema. "Moja tu ndiyo."

Saa sita kasoro dakika kumi, pampu inanyamaza. Taa nyekundu inawaka.

"Imekufa!" anasema Bwana Mohdhar.

"Haikufa, Bwana Mohdhar. Imekataa."

Bi Hindu anakinga maji ya bomba la tangi kwa kiganja, anaonja. "Matamu." Anatupa ndoo kisimani, anavuta, anaonja tena.

"Haya yana kachumvi. Kadogo. Lakini, mwanangu, ndoo niliyoteka kabla pampu haijanyamaza nayo ilikuwa nako. Mdudu wako kachelewa ndoo moja."

Nadra anafungua daftari, anaandika. Anachukua bisibisi, anageuza skrubu moja kidogo sana, ili mdudu aihisi chumvi mapema zaidi.

Saa tisa kasoro robo, maji yakiwa yanajaa, taa ya kijani inawaka yenyewe na pampu inavuma tena. Bi Hindu anaonja, anateka ndoo ya pili, anaiweka kichwani. "Mai ya yeo ntapikia wali," anasema.

"Kikae," anasema Bwana Mohdhar. "Mpaka Ramadhani kwanza. Na uye kwenye kamati, tuzungumze habari ya kisima cha madrasa."

Nadra anataka kutengeneza visanduku vingine, lakini si leo. Kuna jambo analotaka kumaliza kwanza: swichi moja, kwa nje, mahali mkono wa Bi Hindu unapofika. Itakuwa swali la tano. Je, Bi Hindu amekubali? Daftari litakuwa na safu thelathini na mbili, na moja tu ndiyo.

"Nafasi ipo," anasema, akifunga kifuniko cha kisanduku. "Zidaka tupu bado ni nyingi."