Mguu Utazikwa Jumamosi

Jumanne, tarehe 14 Juni 2011. Asubuhi baridi kavu, jua dogo, na upepo wa kutoka baharini ulitupa vumbi mpaka ndani ya teksi. Nilivaa sweta mbili.

Mume wangu anaongoza malori yakiingia na kutoka kwenye yadi moja karibu na bandari. Ijumaa lori lilirudi nyuma likambana kwenye kontena. Mbavu zilivunjika, na mguu wa kulia ukasagika chini ya goti. Tangu siku ile anapumua kwa mashine, wamemlaza kwa dawa, hasikii wala hasemi.

Pale hospitali iko nesi mmoja ambaye mwanzo hatukumwelewa. Hachomi sindano, habadili bandeji, anatembea tu na simu mkononi. Mama jirani, Mrundi wa mlango wa pili ambaye ananisindikiza kila siku, alisema, "Huyu wamemwajiri kutembea. Kazi hiyo hata mimi naiweza, na miguu yangu hii ya kuvimba."

Tukacheka. Baadaye tukaona. Daktari wa kifua anakuja, anasema lake, anaondoka. Wa mifupa anakuja saa nyingine na kusema lake. Huyu nesi ndiye anapeleka neno la mmoja kwa mwenzake, anatafuta damu, anashika nafasi kwenye chumba cha operesheni, anajua nani amelala na nani hajalala. Amesomea hiyo, kwa watu walioumia vibaya tu. Mimi niliishia darasa la sita, jina la kazi yake silijui vizuri. Nilimwita Sista kama wote.

Leo alitungoja mlangoni. "Mama, sitaki usikie nusu hapa na nusu kule. Nimewaita wote wawili."

Wakaja, wakasimama upande huu na huu wa kitanda. Wa mifupa alisema damu haifiki tena mguuni, nyama imekufa, na sumu yake inapanda kwenye figo. Ukatwe leo, goti libaki. Wa kifua alisema mapafu yatavumilia operesheni leo. Ya kesho haahidi. Sista akaniomba nirudie kwa maneno yangu. Nikarudia yote. "Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Umesikia vizuri."

Wakanipa kalamu na fomu ya kukubali operesheni. Sikuweza kutia sahihi.

Kwa sheria ya nchi hii tuliyohamia mke anatosha. Kwetu Uvira hatoshi. Kaka mkubwa wa mume wangu bado yuko huko, na ndiye baba sasa. Nikitia sahihi peke yangu, na mgonjwa akafa, watasema mimi ndiye nilimkata. Si watu wabaya, hata mimi ningeuliza. Daktari wa mifupa aliangalia saa yake. Sina kinyongo naye. Aliona mtu anamponyoka mbele ya macho.

"Daktari, chumba bado kinasafishwa," Sista akamwambia. "Tuna nafasi ya simu moja." Kisha kwangu: "Nani anaamua nyumbani kwenu? Mpigie. Weka sauti nje, na unitafsirie."

Nikapiga. Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, hapana. Wasikate."

"Yaya, wanasema sumu inapanda."

"Nimesema hapana."

Nilimgeukia Sista, nikamwambia amekataa. Nilidhani atamsukuma, au ataniambia nitie sahihi tu. Hakufanya hivyo. Alisema, "Muulize anaogopa nini."

Ni swali ambalo mimi sikulifikiria, nami nimeishi na ukoo huu miaka yote. Nikauliza.

"Shemeji, wakishakata, wanautupa wapi? Watauchoma na takataka. Mdogo wangu atatembea nusu, na nusu nyingine hatujui iko wapi. Siku akifa tutazika nini?"

Nikamtafsiria Sista kwa Kiingereza changu cha saluni, kile cha kuuliza wateja wanataka nywele ndefu au fupi. Akaelewa upesi.

"Mwambie hata kwetu Wazulu wengi wanauliza hivyo. Hautachomwa. Nitawaambia wa operesheni wausitiri kwa kitambaa, waandike jina lake, ukae kwenye chumba cha baridi mpaka mje na mtu wa mazishi. Nitapiga simu hizo sasa, asikie."

Akapiga kwa simu ya ukutani, moja baada ya nyingine, na mimi nilishika yangu karibu na mdomo wake. Yaya hajui Kizulu hata neno, lakini alisikiliza zote.

"Mwanamke huyo ni nani?" akauliza.

"Ni nesi, Yaya."

"Mwambie asante. Wakate. Na wewe, shemeji, usilie mbele ya mgonjwa. Mkono wako ukiandika, ni mimi nimeandika."

Nikaandika. Herufi zilienda juu na chini, lakini ni jina langu.

Mume wangu alitoka operesheni alasiri. Rangi ya uso ilikuwa imerudi kidogo, au mimi nilitaka kuiona. Wa mifupa alikuja mwenyewe kuniambia goti limebaki, akanishika bega. Sista alisema mguu uko kwenye chumba cha baridi na jina lake, Jumamosi wanaume wa kanisa letu waje na mtu wa mazishi kuuchukua. Nikamuuliza nani atamwambia mume wangu akiamka. "Hakuna atakayeanza bila wewe," akasema. "Nitakupigia, na nitakuwepo." Nilimwamini, ingawa siku hizi naogopa kuamini.

Nyumbani mama jirani alikuwa ametangulia. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko letu bila kuliwasha.

"Niambie ukweli," akasema. "Mguu utazikwa. Sasa hapa ni matanga ama si matanga? Penye matanga jiko haliwashwi. Niwashe moto ama nisiwashe?"

Binti yetu aliniangalia usoni akingojea jibu.

"Washa," nikasema. "Baba yake yuko hai."

Tulikula maharage aliyoyapika na ndizi za kijani, mafuta ya mawese mengi, na pilipili pembeni.